Mwongozo Kamili: Kupima Pembe za Viungo vya Ekskaveta kwa Vihisi Mwendo

Mafundi na wanafunzi wengi wa uhandisi wanaofunga vihisi mwendo kwenye ekskaveta hukwama mahali pamoja. Mashine ikiwa imetulia, pembe zinasomeka vizuri. Opereta anapoanza kupakia lori, pembe ya bumu inaruka kwa digrii kumi na zaidi kila jukwaa linapozunguka, na mjenzi wa mfumo anarudi kwenye kompyuta kubadilisha kichujio, yaani hesabu inayolainisha usomaji, siku baada ya siku, bila nafuu ya kudumu.

Mara nyingi tatizo halianzii kwenye kichujio. Linaanzia kwenye chuma: kihisi kilichofungwa kikiwa kimepinda kidogo, mhimili wa pini ambao haukuwahi kupimwa, na programu inayouamini uvutano wa dunia wakati ambapo haupaswi kuaminiwa. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo, chuma kwanza, hesabu baadaye, na ninakuomba usiruke hatua za mwanzo hata kama unaziona nyepesi.

Mashine ya mfano ni ekskaveta ya tani 20 hivi, mfano wa Komatsu PC200-8, yenye bumu la mita 5.7 na mkono wa mita 2.9. Bumu ni mhimili mkubwa unaotoka kwenye jukwaa, mkono ni ule unaofuata, na jukwaa ni sehemu yote ya juu inayozunguka, pamoja na kebini na injini. Mashine yako ikiwa ya ukubwa mwingine, weka vipimo vyake, hatua hazibadiliki.

Vifaa vinavyohitajika

- Vihisi mwendo vinne, kila kimoja kikiwa na akselerometa (kipima mchapuko na uvutano) ya mihimili mitatu na jairoskopu (kipima kasi ya kuzunguka) ya mihimili mitatu. MPU-6050 inatosha kwa kujifunza. Kwa kazi ya kudumu tafuta chipu ya viwandani kama ISM330DHCX, iliyotengenezwa kufanya kazi kati ya -40 na 105 °C.
- Bodi nne za ESP32, ambazo ni kompyuta ndogo za kusoma vihisi, moja kwa kila kihisi, na ya tano ndani ya kebini ya kukusanya data.
- Chipu tano za kuunganisha bodi na basi ya CAN (njia ya mawasiliano ya nyaya mbili inayotumika kwenye mashine), kwa mfano SN65HVD230, na rezista mbili za ohm 120.
- Kebo yenye jozi za nyaya zilizosokotwa na ganda la kinga, inayostahimili mafuta.
- Kigeuzi cha umeme kutoka 24 V kwenda 5 V kinachovumilia mruko wa angalau 60 V, diodi ya kinga, na fyuzi.
- Masanduku ya kiwango cha IP67, yasiyoingiza vumbi wala maji, na glandi za kebo.
- Timazi, pima maji, futi ya chuma, multimita, na mashine ya levo ya wapimaji. Levo unaweza kuiazima kwa siku moja.
- Kigingi cha chuma chenye ncha.

Kama bajeti ni ndogo, weka fedha kwenye masanduku na kebo kabla ya kufikiria chipu ya bei kubwa. Chipu bora kabisa iliyoingiwa na maji haina faida yoyote.

Usalama kabla ya kugusa mashine

Teremsha baketi mpaka ikae ardhini, zima injini, sogeza wenzo za kuendeshea kila upande ili shinikizo la haidroliki lipungue, kisha ondoa ufunguo ukae nao wewe mwenyewe. Usisimame chini ya bumu lililoinuliwa kwa sababu yoyote ile, hata kwa kukaza boliti moja.

Usitoboe wala kuchomelea bumu au mkono bila maelekezo ya mtengenezaji wa mashine. Sehemu hizo hubeba mzigo unaobadilika maelfu ya mara, na tundu dogo au mshono mbaya wa kuchomelea ndipo ufa unapoanzia. Tumia bamba la chuma lililobandikwa kwa gundi ya epoksi, au matundu ya boliti ambayo tayari yapo.

Mfumo huu ni wa kupima na kuonyesha tu. Usiuunganishe na vali za haidroliki, wala na basi ya CAN ya mashine yenyewe. Ujumbe mmoja usiofaa unaweza kuvifikia vidhibiti vya injini.

Hatua ya 1: Chagua mahali pa kila kihisi

Kihisi cha kwanza kinakaa kwenye jukwaa, karibu na kitovu cha mzunguko kadiri nafasi inavyoruhusu. Cha pili kinakaa kwenye bumu, karibu na pini ya chini. Cha tatu ni cha mkono, nacho pia karibu na pini inayouunganisha na bumu.

Sababu ya kukaa karibu na pini ni hii: bumu linapoanza kuinuka au kusimama ghafla, kila sehemu yake hupata mchapuko unaolingana na umbali wake kutoka kwenye pini. Kihisi kilicho nusu mita kutoka kwenye pini huona sehemu ndogo tu ya kile kinachoonwa na kihisi kilicho kwenye ncha, ilhali pembe ni ileile popote kwenye bumu.

Cha nne usikifunge kwenye baketi. Baketi huzama kwenye tope, hupigwa na mawe, na hubadilishwa mara kwa mara. Kifunge kwenye wenzo wa baketi, yaani chuma kinachounganisha silinda ya baketi na mkono, kisha pembe ya baketi utaipata kwa hesabu katika hatua ya 8.

Hatua ya 2: Funga vihisi kwa unyoofu

Safisha chuma mpaka rangi na kutu viondoke, futa mafuta, bandika bamba, na uache gundi ikauke kwa muda wote ulioandikwa kwenye kopo. Mhimili wa x wa kihisi uelekee pini ya mbali, mhimili wa z uelekee juu, na mhimili wa y ulale sambamba na pini.

Jitahidi sana kwenye huo mhimili wa y. Jukwaa la mashine ya ukubwa huu linaweza kuzunguka mara 10 hivi kwa dakika, ambayo ni digrii 60 kwa sekunde. Kihisi cha bumu kikiwa kimeinama upande kwa digrii 1 tu, sehemu ya mzunguko huo, digrii 1.05 kwa sekunde, itaingia kwenye usomaji wa bumu kana kwamba bumu linainuka. Jukwaa likizunguka nusu duara kwa sekunde 3, kosa linafika digrii 3.1, na kwenye ncha ya bumu la mita 5.7 hiyo ni sentimita 31.

Jukwaa linaporudi, kosa nalo hurudi nyuma. Ndiyo maana wengi hawalioni wanapokagua mashine ikiwa imesimama pale ilipoanzia.

*Utajuaje umefaulu:* bamba halitikisiki ukiligonga kwa nyundo ndogo, na futi ya chuma iliyowekwa pembeni mwa sanduku inalingana na ukingo wa bumu kwa macho. Upindo mdogo uliobaki utarekebishwa kwa hesabu katika hatua ya 5.

Hatua ya 3: Umeme na nyaya

Usijaribu kupeleka mawimbi ya I2C, yaani mawasiliano kati ya chipu ya kihisi na bodi yake, kwenye kebo ndefu. Basi ya I2C imewekewa kikomo cha pikofaradi 400, nacho hufikiwa ndani ya mita chache za kebo. Chipu ya kihisi na ESP32 yake zikae ndani ya sanduku moja, na kinachosafiri kwenye kebo kiwe ni CAN.

Weka kasi ya biti 250,000 kwa sekunde, rezista ya ohm 120 kwenye kila mwisho wa kebo, na usiweke nyingine katikati. Umeme ukiwa umezimwa, pima kwa multimita kati ya nyaya mbili za CAN: usomaji sahihi ni karibu ohm 60. Ukisoma 120, rezista moja haipo au kebo imekatika. Ukisoma 40, kuna rezista ya ziada.

Chukua umeme kwenye betri kupitia fyuzi, diodi ya kinga na kigeuzi. Mfumo wa 24 V huruka juu sana pale mzigo mkubwa unapokatika ghafla, na kigeuzi cha kawaida cha maduka ya redio hakitavumilia. Kabla ya mtu yeyote kuchomelea popote kwenye mashine, ondoa nyaya za betri na chomoa mfumo wako.

Pitisha kebo sambamba na mabomba ya haidroliki kwa klampu, na kwenye kila pini acha mkunjo wa ziada unaotosha mwendo wote wa kiungo. Mpe opereta akunje na kukunjua viungo vyote taratibu huku wewe ukiangalia kutoka mbali. Kebo ikivutika hata kidogo, itakatika hapo.

Hatua ya 4: Weka vipimo vya chipu na usome data

Kwa MPU-6050, soma kwanza rejista 0x75. Jibu sahihi ni 0x68. Chipu inapopata umeme huwa bado imelala, kwa hiyo andika 0 kwenye rejista 0x6B.

Chagua kipimo cha ±8 g kwa akselerometa (g ni mchapuko wa uvutano wa dunia), ambapo 1 g ni sawa na 4096, na ±250 digrii kwa sekunde kwa jairoskopu, ambapo digrii 1 kwa sekunde ni sawa na 131. Wengi huchagua ±2 g wakitafuta usahihi. Mishtuko ya kuchimba huvuka 2 g, na usomaji unapokatwa kileleni wastani wote hupinda, nawe hutajua. Kwa ±8 g hatua moja ya usomaji ni kama digrii 0.014, na hiyo inatosha kabisa.

Washa kichujio cha ndani cha chipu kwa kuandika 4 kwenye rejista 0x1A, ili mitetemo ya zaidi ya 20 Hz hivi ipunguzwe kabla ya kusomwa, kisha andika 9 kwenye rejista 0x19 upate sampuli 100 kwa sekunde.

Hatua hii si ya hiari. Injini ya silinda 6 yenye mipigo minne inapozunguka mara 2,000 kwa dakika huwa na milipuko 100 kwa sekunde. Ukichukua sampuli 100 kwa sekunde bila kichujio cha ndani, kila sampuli huangukia sehemu ileile ya mtetemo, na mtetemo wa 100 Hz hujitokeza kama kosa lisilobadilika. Hakuna kichujio cha programu kinachoweza kuliondoa baada ya hapo, kwa kuwa halitofautiani tena na pembe ya kweli.

*Utajuaje umefaulu:* mashine ikiwa imezimwa, urefu wa jumla wa vekta ya akselerometa ukaribie 1 g, na usibadilike kwa zaidi ya asilimia 1 injini inapowashwa, ukichukua wastani wa sekunde 5. Ukigeuza kwenda mita kwa sekunde mraba, tumia 9.78 kwa maeneo ya karibu na ikweta kama Mombasa au Dar es Salaam.

Hatua ya 5: Sawazisha vihisi

Kuna usawazishaji wa aina tatu, na kila mmoja huondoa kosa lake.

*Kwanza, akselerometa mezani.* Kabla ya kufunga sanduku kwenye mashine, lilaze kwa pande zote sita juu ya meza iliyopimwa kwa pima maji, sekunde 10 kila upande. Kwa kila mhimili, jumlisha usomaji wa juu na wa chini ugawe kwa 2 upate kosa la sifuri. Toa wa chini kwenye wa juu ugawe kwa 2 upate kipimo cha 1 g.

*Pili, sifuri ya jairoskopu.* Kila mashine inapowashwa, kabla opereta hajagusa wenzo wowote, chukua wastani wa sekunde 10. Sifuri hii huhama na joto, na chuma cha bumu kilichopigwa na jua la mchana hupata joto kali. Kwa hiyo programu iisahihishe tena taratibu kila mashine inapotulia kwa sekunde 5 au zaidi.

*Tatu, mhimili wa pini.* Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, nayo ndiyo inayoponya ugonjwa wa jukwaa niliouelezea. Mwambie opereta ainue na kuteremsha bumu peke yake, bila kuzungusha jukwaa. Rekodi jairoskopu ya bumu. Mwelekeo wa vekta ya mzunguko wakati huo ndio mwelekeo wa pini kama kihisi kinavyouona. Ugawe kwa urefu wake upate vekta n yenye urefu wa 1. Kihisi kilichofungwa vizuri hutoa n iliyo karibu sana na y, sehemu za x na z zikiwa chini ya 0.02. Rudia kwa mkono, na kwa wenzo wa baketi, kiungo kimoja kwa wakati.

Kisha tengeneza mihimili mipya. Chukua x, ondoa sehemu yake iliyo sambamba na n, na uirudishe kwenye urefu wa 1: hiyo ni x'. Zidisha x' kwa n kwa njia ya vekta upate z'. Kuanzia hapa usitumie tena mihimili iliyochapwa kwenye chipu.

Jukwaa halizunguki kwenye pini ya bumu, kwa hiyo lina njia yake. Ukizungusha jukwaa, vekta ya jairoskopu inakupa z' yake. Kwa kosa la mwinuko, soma pembe mara mbili kwenye ardhi ngumu, ya pili jukwaa likiwa limegeuzwa nusu duara kamili. Mteremko wa ardhi hubadilisha alama ilhali kosa la kihisi halibadiliki, kwa hiyo wastani wa masomo hayo mawili ndio kosa lenyewe.

Hatua ya 6: Kokotoa pembe, kisha tofauti

Kwa kila sehemu, pata ax' na az' kwa kuzidisha vekta ya akselerometa na mihimili mipya. Pembe ya mwinuko ni atan2(ax', az'). Kasi ya pembe hiyo ni jairoskopu kwenye n ikiwa na alama ya kutoa, kwa sababu x ikielekea mbele na z juu, mzunguko chanya wa y huinamisha ncha chini.

Alama hiyo ijaribiwe kwa vitendo. Inua bumu: pembe ya akselerometa na pembe ya jairoskopu lazima zipande pamoja. Zikienda pande mbili tofauti, kichujio kitapigana nazo muda wote.

Bado pembe hii ni ya kihisi, si ya mstari unaopita katikati ya pini mbili. Chukua levo, pima kimo cha katikati ya pini ya chini na cha pini ya juu, toa, gawa kwa urefu wa bumu, kisha chukua asin ya jibu. Kwa mfano, tofauti ya mita 2.00 kwenye bumu la mita 5.70 ni digrii 20.54. Tofauti kati ya hiyo na usomaji wako ni namba isiyobadilika utakayoitoa siku zote. Kosa la milimita 5 kwenye levo hapa ni digrii 0.05 tu, kwa hiyo kazi ya uangalifu wa kawaida inatosha.

Pembe ya kiungo sasa ni tofauti: bumu toa jukwaa, mkono toa bumu, wenzo toa mkono. Jibu likivuka 180 au -180, ongeza au toa 360.

Uzuri wa kutoa namna hii unaonekana mashine inapofanya kazi kwenye mteremko wa pembeni. Sehemu ya uvutano inayoonekana na vihisi katika bapa la bumu na mkono hupungua na kugeuka kwa kiasi kilekile kwa vyote, na tofauti inabaki sahihi. Sharti ni kwamba vihisi vyote vitumie kichujio chenye muda uleule. Ukiweka kichujio cha haraka kwenye mkono na cha polepole kwenye bumu, umeuvunja ulingano huo kwa mikono yako.

Hatua ya 7: Chuja, na ujue lini usiamini uvutano

Kichujio cha kuunganisha kinatosha. Pembe mpya ni α × (pembe ya zamani + kasi × Δt) + (1 - α) × pembe ya akselerometa, ambapo α ni τ gawanya kwa τ + Δt, τ ikiwa muda wa kichujio na Δt muda kati ya sampuli mbili. α ikiwa 1, jairoskopu pekee ndiyo inayotumika. Kwa τ ya sekunde 1 na Δt ya sekunde 0.01, α ni 0.99. Δt ipimwe kwa saa ya bodi katika kila mzunguko wa programu, isiwe ya kudhaniwa.

Sasa tatizo lenyewe. Jukwaa likizunguka kwa digrii 60 kwa sekunde, kihisi kilicho mita 3 kutoka kwenye kitovu huvutwa kuelekea katikati kwa mita 3.3 kwa sekunde mraba, na pembe ya akselerometa inapotoka kwa digrii 19 hivi. Kwa kihisi cha mkono kilicho mita 6, ni digrii 34.

Mbinu inayotumiwa sana ni kukataa akselerometa pale urefu wake unapotofautiana na 1 g kwa zaidi ya asilimia 5. Hapa mbinu hiyo ni dhaifu mno. Ule mvuto wa mita 3.3 huongeza urefu wa vekta kwa asilimia 5.5 tu, kwa kuwa uko karibu na pembe mraba na uvutano. Kosa la digrii 19 linavuka kikomo kwa nusu asilimia tu, kwa hiyo linakataliwa kwa sehemu ya muda tu, na jukwaa likipunguza kasi kidogo linapita mlangoni.

Tumia jairoskopu ya jukwaa badala yake. Kasi ya jukwaa ikizidi digrii 5 kwa sekunde, weka α kuwa 1 kwa vihisi vyote, na uendelee hivyo kwa nusu sekunde baada ya jukwaa kusimama. Chini ya kasi hiyo, hata kwa mita 6, kosa ni chini ya digrii 0.3. Sharti la asilimia 5 nalo libaki, kwa ajili ya mishtuko ya kuchimba.

Jairoskopu inaweza kubeba mzigo huo peke yake. Ikiwa sifuri yake imekosewa kwa digrii 0.05 kwa sekunde, mzunguko wa sekunde 5 utaleta robo digrii. Lakini hilo ni kweli tu kama ulipima mhimili wa pini katika hatua ya 5. Kama hukuupima, α ya 1 itakuletea zile digrii 3 bila chochote cha kuzisahihisha.

Hatua ya 8: Pembe ya baketi

Wenzo wa baketi, kiungio chake, baketi na mkono hufanya umbo la pande nne. Pima kwa futi, katikati ya pini hadi katikati ya pini: a ni kutoka pini ya wenzo hadi pini ya baketi kwenye mkono, b ni urefu wa wenzo, c ni urefu wa kiungio, d ni kutoka pini ya baketi hadi pini ya kiungio kwenye baketi.

Pembe φ kati ya a na b inatoka kwenye kihisi. Ulalo e ni kipeuo cha pili cha a² + b² - 2ab cos φ. Kisha jumlisha pembe mbili: acos ya (a² + e² - b²) gawanya kwa 2ae, na acos ya (d² + e² - c²) gawanya kwa 2de. Jumla hiyo ni pembe ya baketi kwenye pini yake, kuanzia mstari wa a, mradi umbo halijajikunja ndani.

Ikiwa programu inalalamika kwamba acos imepewa namba zaidi ya 1, kipimo kimojawapo kimekosewa. Usiikate namba hiyo kwa nguvu ndani ya programu, rudi ukapime.

Hatua ya 9: Mzunguko wa jukwaa

Mzunguko wa jukwaa kwenye ardhi tambarare hauwezi kupatikana kwa uvutano, kwa kuwa uvutano haubadiliki jukwaa linapozunguka. Dira ya sumaku nayo haifai katikati ya tani 20 za chuma. Funga enkoda (kifaa cha kupima mzunguko), au tumia jairoskopu ya jukwaa na uirudishe sifuri kila jukwaa linapopita alama iliyowekwa. Kwa kazi ya kina cha mfereji tu, unaweza kuacha pembe hii kabisa.

Hatua ya 10: Hakiki kwa kigingi

Usitangaze kwamba mfumo uko tayari kabla ya majaribio matatu.

Jaribio la kwanza ni la utulivu. Weka bumu na mkono katika mikao mitano tofauti, pima kwa levo, linganisha. Kila tofauti iwe chini ya digrii 0.3.

Jaribio la pili ni la jukwaa. Bumu likiwa limetulia juu, zungusha jukwaa mduara mzima kwa kasi ya kazi. Pembe ya bumu isitembee zaidi ya digrii 0.5 wakati wowote wa mzunguko, na si mwishoni pekee. Likishindwa hapa, rudia upimaji wa n.

Jaribio la tatu ni ninaloliamini kuliko yote. Pigilia kigingi ardhini mbele ya mashine. Bila kusogeza minyororo wala jukwaa, opereta agusishe jino la katikati la baketi kwenye ncha ya kigingi kwa mikao mingi: bumu chini na mkono mbali, bumu juu na mkono karibu, baketi ikiwa imekunjwa, baketi ikiwa wazi. Kwa kila mkao kokotoa mahali pa jino kwa kujumlisha urefu × cos na urefu × sin za bumu, mkono na baketi. Kigingi hakijasogea, kwa hiyo majibu yote yanapaswa kuwa mahali pamoja, na mtawanyiko wa chini ya sentimita 5 ni kazi nzuri.

Mtawanyiko nao husema chanzo chake. Ukitokea tu pale baketi inapokunjwa na kukunjuliwa, kagua a, b, c na d, au umbali kutoka pini ya baketi hadi jino. Ukikua mkono unapokwenda mbali, kagua namba isiyobadilika ya bumu. Ukiwa hauna mpangilio wowote, shika baketi kwa wenzo wa chuma na uitikise: bushi zilizolika huruhusu jino kucheza sentimita kadhaa, na hakuna kihisi kinachoweza kuuona mchezo huo kwa sababu pembe haijabadilika.

Dalili za baadaye

Pembe ikianza kutembea polepole mashine ikiwa imetulia, α inabaki 1: kihisi cha jukwaa kinaripoti mzunguko usiokuwepo. Pembe ikiganda kisha kuruka, kebo inakatika kwenye pini fulani. Weka namba ya mfululizo ndani ya kila ujumbe wa CAN ili uone ni kihisi kipi kinachopoteza ujumbe. Pembe ikichelewa bumu linapokwenda haraka, angalia saa: ucheleweshaji wa milisekunde 20 kwa mwendo wa digrii 30 kwa sekunde ni digrii 0.6.

Rudia jaribio la kigingi kila baketi au meno yake yanapobadilishwa, kila pini au bushi inapowekwa mpya, na kila sanduku la kihisi linapofunguliwa. Meno yakiwa yamelika, pima upya umbali kutoka pini ya baketi hadi ncha ya jino, kwa kuwa sentimita zilizopotea kwenye jino huingia moja kwa moja kwenye kina cha mfereji.